Mlio wa Pikipiki Huanzia kwenye Krenki

Makongolosi, mji wa dhahabu wilayani Chunya, mkoani Mbeya, una makarasha ya kusaga mawe yenye kelele, na bado pikipiki husikika. Nyingi ni za silinda moja, kama Bajaj Boxer na TVS. Dereva anayetaka mngurumo mzito humpelekea fundi sailensa aitoboe au aikate. Kelele huongezeka kweli, lakini mngurumo wa pikipiki ya Harley-Davidson hauji.

Sababu iko ndani ya injini. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda hulipua mafuta mara moja krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, yaani nyuzi 720. Boxer BM 150 ina silinda moja ya sentimita za ujazo 144.8. Krenki yake ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, milipuko ni 25 kwa sekunde, yote kwa nafasi sawa. Ndiyo maana mlio wake ni mfululizo ulionyooka.

Injini ya kawaida ya Harley imepangwa vingine. Silinda zake mbili zimekaa kwa umbo la V lenye nyuzi 45, na konrodi zote mbili, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zimeshika pini moja ya krenki: moja imechongwa kama uma, nyingine hupita katikati yake. Silinda ya kwanza ikilipua, ya pili hufuata baada ya nyuzi 315, kisha nyuzi 405 hupita bila mlipuko. Krenki ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, nafasi hizo ni milisekunde 52.5 na 67.5. Mlio unachechemea kwa sababu hiyo. Ducati ya silinda mbili, ambayo V yake ina nyuzi 90, hulipua kwa nafasi za 270 na 450, na mdundo wake ni mwingine kabisa.

Mwaka 1994 Harley-Davidson iliomba mlio wa injini yake usajiliwe nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara. Kampuni shindani zilipinga, zikisema injini za V zenye pini moja zinatengenezwa na wengine pia. Mwaka 2000 ombi likaondolewa.

Sailensa haigusi mpangilio wa milipuko. Vyumba na matundu yake hurudisha mawimbi ya sauti yagongane na kufifishana. Ikitobolewa, mawimbi hutoka kwa nguvu zake zote, ila nafasi kati ya milipuko hubaki ileile. Kwenye injini ya kabureta, moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, mchanganyiko unaweza kupungukiwa petroli. Jeti ya kabureta inayopima petroli isipobadilishwa, injini hupata joto zaidi na bomba huanza kupiga kama risasi dereva anapoachia mafuta.

Injini ya V nayo ina gharama zake: vichwa viwili, plagi zaidi, na silinda ya nyuma inayokosa upepo kwa kufichwa na ya mbele. Kwa anayebeba viroba vya mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha, silinda moja iliyo wazi kwa upepo inafaa zaidi. Sailensa yake ikiwa nzima na gasketi haivuji, fundi husikia mapema tapeti zilizolegea na kuzirekebisha kabla valvu hazijaharibika.