Utetezi wa Mtuhumiwa na Ikrari ya Mahabusu

Hapa Gairo tumewasikia ndugu zetu wakiishika aya ya 105 ya Suratun-Nisaa kumharamisha wakili anayemtetea mtuhumiwa wa utapeli. Wameisahau sababu ya kushuka kwake: wafasiri wengi wanaeleza kuwa Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraya, akasingiziwa Yahudi asiye na hatia. Aya ikamwokoa huyo mtuhumiwa!

Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba wakiri na kurejesha fedha. Wakajitokeza 467, wakiahidi shilingi bilioni 107.8. Kurudisha mali ya umma ni wajibu, hatubishi. Lakini utakatishaji fedha haukuwa na dhamana, na mafakihi wameshurutisha hiari katika ikrari. Aliyekaa rumande miaka akingoja upelelezi ana hiari gani? Wakili ndiye wa kumuuliza hakimu swali hilo.