Maneno ya Mkopo ya Kihispania katika Kitagalogi na Kisebuano: Tahakiki Fupi

Watetezi wa lugha safi hushikilia kwamba lugha inayoviita vyombo vya nyumbani kwa majina ya kigeni imekiri umaskini wake. Kwa hoja hiyo, Kitagalogi na Kisebuano, lugha mbili kubwa za Ufilipino, zastahili lawama kali. Tangu Legazpi alipofika Cebu mwaka 1565 hadi utawala wa Kihispania ulipokoma mwaka 1898, majina ya vitu vya kila siku yaliingia kwa wingi: silya (kiti), bintana (dirisha), kutsara (kijiko), tinidor (uma), baso (bilauri), sapatos (viatu). Lakini hukumu hiyo yategemea orodha tu. Haichunguzi maneno hayo yalivyotendwa baada ya kupokelewa.

Mfano wa sapatos watosha. Katika Kihispania, s ya mwisho ni alama ya wingi. Katika Kitagalogi imekuwa sehemu ya shina, na wingi huonyeshwa kwa neno la kienyeji: mga sapatos. Shina hilo hupokea viambishi vya wenyeji: magsapatos ni kuvaa viatu, na nagsasapatos, kwa kukariri silabi ya kwanza ya shina, ni “anavaa viatu”. Kisebuano nacho kimeunganisha kibainishi na nomino: la mesa imekuwa lamesa. Kiswahili kilifanya jambo la jamii hiyo, ila kwa kutenga badala ya kuunganisha, kilipoichukua ki ya kitab ya Kiarabu kuwa kiambishi cha ngeli, kikapata vitabu.

Walakini, hoja ya kwamba mwenyeji humgeuza mgeni bila yeye mwenyewe kugeuka haisimami pia. Zamani Kitagalogi hakikutofautisha maana kwa irabu i na e. Leo mesa ni meza, na misa ni ibada ya Kikatoliki. Mkopo wa msamiati umegusa mfumo wenyewe wa sauti.

Waliopendekeza salumpuwit, yaani “kipokea makalio”, badala ya silya, waliambulia kicheko. Wasemaji walibaki na silya yao. Kosa lilikuwa kulipima neno kwa asili yake peke yake. Mtunga kamusi au istilahi, awe Manila au Nairobi, yampasa kwanza kuuliza neno hilo latii sarufi ya lugha gani.