Nyoka Juu ya Ukoka: Jalada la Joni Mitchell na Ngoma ya Warundi

Mwezi wa Novemba 1975 kampuni ya Asylum ya Marekani ilitoa santuri ya Joni Mitchell, mwimbaji mzaliwa wa Kanada, iitwayo The Hissing of Summer Lawns. Jina hilo lataja mlio wa maji yarushwayo juu ya nyasi za bustani wakati wa kiangazi. Ni mlio uliozoeleka masikioni mwa matajiri wa Los Angeles, na mgeni kabisa kwa wakulima wa Kasulu na Kibondo, ambao nyasi zao humwagiliwa na Mungu peke yake. Walakini santuri hiyo ina deni katika nyanda za juu za Kigoma. Deni hilo limo katika wimbo wa pili, ambamo zasikika ngoma za Burundi. Ni ngoma zile zile ambazo zilivushwa mpaka vichwani mwa watu, au katika kumbukumbu zao tu, hata zikafika katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Jalada lilichorwa na mwimbaji mwenyewe. Basi yafaa lihukumiwe kama kazi ya mchoraji, wala si kama tangazo la duka.

Uso wa jalada una uwanda mpana wa majani ya kijani, mtupu, usio na mti wa kivuli. Nyuma yake zasimama nyumba na majengo marefu ya mji, yamepakwa rangi ya kijivu kana kwamba yametazamwa kupitia moshi. Mbele lapita kundi la watu weusi, karibu uchi, wamebeba nyoka mkubwa kuliko wote wao pamoja. Watu hao hawana nyuso. Ni maumbo ya giza yenye miguu na mikono, na kazi yao ni kubeba. Katika chapa ya kwanza watu na nyoka waliinuliwa juu ya karatasi, hata kipofu angaliweza kuwatambua kwa ncha ya kidole. Mchoro waendelea upande wa nyuma, na huko, miongoni mwa nyumba, imo moja iliyotiwa buluu: ndiyo nyumba ya mwimbaji. Jalada likifunuliwa yumo yeye mwenyewe, katika picha iliyopigwa na Norman Seeff, akielea katika birika la kuogelea.

Mchoraji huyu hakuwa mwanagenzi. Alisoma kwa muda katika chuo cha sanaa cha Calgary kabla ya nyimbo kumchukua, na mara nyingi amesema kuwa yeye ni mchoraji kwanza. Jalada la santuri yake ya 1969, Clouds, ni sura yake aliyoichora mwenyewe akiwa na ua jekundu, na nyuma yake mandhari ya Saskatoon, mji wa ujana wake. Hapo alichora alichokijua. Uso ni wake, mto ni wake, ua ni la nchi yake. Atakayeziweka kazi hizo mbili bega kwa bega ataona upesi kwamba mkono ni ule ule, lakini elimu ya jicho imepungua katika ile ya pili, maana jicho limehama kwao.

Hata hivyo sifa yake isinyimwe. Utupu wa uwanda ule ni ujasiri wa mchoraji anayejua kunyamaza. Mchoraji hafifu angaliujaza miti, ndege na jua linalotua. Na nyoka yule hakuwekwa pale ovyo. Umbo lake lililopinda juu ya majani humkumbusha mtazamaji mpira mrefu wa kumwagilia bustani, na mlio unaotajwa katika jina la santuri waweza kuwa wa maji au wa nyoka aliyeghadhibika. Kwa hiyo bustani ya tajiri yaficha hatari ndani ya starehe yake. Ndiyo maana ya nyimbo nyingi za santuri hiyo, zinazosimulia wake waliofungiwa katika nyumba nzuri na waume wanaohesabu mali. Jalada limekusudiwa kuwasuta watu wa mji ule, halikukusudiwa kumdharau Mwafrika. Mhakiki asiyelitambua hilo hana haki ya kuendelea.

Lakini kusudi jema halimwondolei fundi hesabu ya kazi yake. Swali ni nini kilichotumiwa ili suto hilo lifanyike.

Wimbo wa pili, The Jungle Line, umejengwa juu ya vitu viwili: kinanda cha umeme cha Moog na ngoma za Burundi. Ndani yake atajwa Henri Rousseau, mchoraji Mfaransa aliyeishi kati ya 1844 na 1910, aliyefanya kazi ya kutoza ushuru katika mji wa Paris. Rousseau alichora misitu mikubwa yenye simba, nyani na nyoka, naye hakupata kutoka Ufaransa maisha yake yote. Majani yake aliyatazama katika bustani za miti za Paris. Mwaka 1907 alichora picha ya mwanamke mweusi apigaye filimbi na kuwaita nyoka, na mwanamke huyo naye ni kivuli, hana sura ila macho mawili yanayong'aa. Ukoo wa watu wa jalada waonekana hapo bila kutafutwa sana. Mitchell alijua kwamba msitu wa Rousseau ulikuwa wa kubuni, na kwa sehemu wimbo wake ni mzaha juu ya ubunifu huo. Tatizo ni kwamba ngoma anazozitumia hazikubuniwa. Zilipigwa na watu wenye majina, mahali penye jina, katika mwaka unaojulikana.

Zilinaswa mwaka 1967 na Mfaransa Michel Vuylsteke, zikatolewa katika santuri ya kampuni ya Ocora. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1966, ufalme wa Burundi ulikuwa umeondolewa. Jambo hilo lina uzito kwa kila anayejua lugha ya huko, kwani kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni enzi pia. Mtu husema jambo fulani lilitukia katika ingoma ya mfalme fulani, naye ana maana ya utawala wake. Karyenda, ngoma tukufu ya ufalme, ilichorwa katikati ya bendera ya Burundi tangu uhuru wa 1962 hata ufalme ulipoanguka. Vuylsteke basi alinasa sauti ya ngoma iliyokuwa imefiwa na mwenyewe juzi tu. Muha wa Heru hahitaji mkalimani kuelewa msiba huo. Lugha yake na Kirundi ni ndugu wa karibu, naye pia alimwita mtawala wake mwami.

Ngoma hizo, pasipo upinzani mkubwa, zaweza kuitwa ngoma za uzazi. Zililia katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, mfalme alipoibariki mbegu. Mti unaochongwa huitwa umuvugangoma, yaani unaoifanya ngoma iseme. Sehemu za ngoma zina majina ya mwili wa mama: vigingi vinavyokaza ngozi ya ng'ombe huitwa maziwa, na pana kitovu na tumbo. Ngoma ya katikati, inkiranya, hutoa amri ya mdundo. Amashakwe hushika mwendo usiokatika. Ibishikizo hufuata na kuitikia. (Kwamba amri ya rais ya mwaka 1967 baada ya hamsini, yaani 2017, iliwakataza wanawake kuupiga mwili huo wenye majina yao, ni kinyume ambacho wataalamu wa Burundi wana wajibu wa kukieleza.) Ni kweli kwamba katika uchezaji huenda akatokea mmoja mwenye mkuki na ngao. Lakini katika maelezo ya santuri ya Mitchell ngoma hizo zimeitwa ngoma za wapiganaji wa Burundi. Jina hilo ni kosa, na jalada ni tafsiri ya kosa hilo kwa rangi. Aliyeambiwa kuwa sauti hii ni ya mbegu na mama hangaliweza kuchora watu uchi wenye joka. Aliyeambiwa kuwa ni ya vita na msitu hakuwa na kingine cha kuchora.

Tena, ajabu iliyoje, katika jalada zima hamna ngoma hata moja. Sauti imechukuliwa, chombo kimeachwa, na mahali pake pamewekwa mnyama.

Yafaa kulitazama hilo kwa makini, maana ndipo sanaa ya jalada inapokaribia ukweli bila kujua. Watu wale wamebeba. Wapiga ngoma wa Burundi nao huingia uwanjani wamebeba: kila mmoja ana ngoma yake kichwani, nzito, na anaipiga huku akitembea, kisha huzitua katika nusu duara kuizunguka inkiranya. Shingo iliyonyooka chini ya gogo, mikono miwili iliyoinuliwa na fimbo mbili, mguu unaokanyaga kwa hesabu: ni picha ambayo mchoraji yeyote angaliitamani. Ingaliwekwa juu ya uwanda ule mtupu wa kijani, mbele ya majengo yale ya kijivu, ingaliwasuta matajiri kwa nguvu zaidi kuliko joka, kwa kuwa joka huwatisha tu, na kutishwa ni sehemu ya starehe yao. Watu wenye kazi maalumu, wenye vazi, wenye utaratibu usiotaka ruhusa ya mtazamaji, wangaliwauliza swali gumu zaidi. Hapa mchoraji alikosa elimu, na kwa hiyo akakosa picha bora. Upungufu huo ni wa ufundi kabla haujawa wa adabu.

Miaka ya jalada hili nayo yadai kusemwa. Mwaka 1972, miaka mitatu kabla halijatoka, Burundi ilipatwa na mauaji makubwa ambayo Warundi huyaita Ikiza, na makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania. Wengi walipelekwa Ulyankulu katika Tabora na Katumba karibu na Mpanda. Wakati sindano ya gramafoni ilipopita juu ya ngoma zile katika sebule za Los Angeles, baadhi ya watu waliozaliwa chini ya mlio wake walikuwa wakifyeka pori la nchi ya ugeni. Baada ya 1993 walikuja wengine, na ndipo jina la Mtendeli likaingia katika orodha ya kambi za Kibondo. Baada ya 2015 wakaja wengine tena. Mtendeli, sasa ikiwa katika wilaya ya Kakonko, ikafunguliwa upya Januari 2016, ikafungwa Desemba 2021, na waliosalia wakahamishiwa Nduta. Katika kambi za Kigoma ngoma zilipigwa mbele ya wageni tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na jirani Muha aliyesimama kando alisikia lugha ya babu zake.

Haitakuwa haki kumdai mwimbaji wa 1975 akumbuke kambi iliyokuja baadaye. Wala si haki kudai kila mchoro uwe kitabu cha historia. Wapo watakaosema kwamba jalada ni ndoto, na ndoto haiulizwi hati ya kusafiria. Jibu ni kwamba ndoto hii yenyewe imegawa hati hizo. Nyumba ya mwimbaji imetiwa buluu ili itambulike miongoni mwa nyumba nyingine. Uso wake umo ndani, katika maji safi, chini ya jua la kwao. Yeye ana anwani. Wale wenye nyoka hawana uso, hawana jina, na katika orodha ya wapigaji nchi yao ndiyo iliyotajwa mahali pao. Tofauti hiyo haikuletwa na mhakiki mwenye kisirani, imechorwa.

Miaka miwili baadaye tabia hiyo ilimfikisha mbali zaidi. Katika jalada la Don Juan's Reckless Daughter la 1977 Mitchell alijipaka rangi na kujivika kama mwanamume mweusi, akajiweka mbele ya picha zake nyingine. Kivuli kisicho na uso cha 1975 hapo kilipewa uso, nao ulikuwa wake mwenyewe. Jalada hilo lilishutumiwa kwa miaka mingi, na santuri ilipotolewa upya mwaka 2024 liliondolewa na kuwekwa jingine. La nyoka halikuguswa. Pengine ni kwa sababu ni zuri zaidi, na uzuri huo ni wa kweli: jicho hurudi kwenye ule uwanda wa kijani hata baada ya akili kukataa. Mwanafunzi wa sanaa alitazame, na alitazame huku wimbo wa pili ukilia, kwa sauti ya juu, hata inkiranya itengane na zile zinazoifuata, na aisikie pale inapotoa amri.