Kukarabati si Kurejesha: Istilahi za Pikipiki Kongwe za Mbio

Neno “ukarabati” limejipatia cheo kikubwa mno katika Kiswahili cha siku hizi. Barabara hukarabatiwa, madarasa hukarabatiwa, vivuko hukarabatiwa, na tanuri la mwokaji mikate nalo hukarabatiwa. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Ni neno zuri, na limewasaidia watumishi wengi wa serikali kuandika taarifa zao pasipo taabu. Ugomvi wetu ni na mfasiri anayelichukua kila akutanapo na kitu cha zamani kilichoguswa na mkono wa fundi, akaliweka hapo bila kuuliza mkono huo ulifanya nini.

Makala haya yanakusudia kulihakiki kosa hilo katika uwanja mmoja mdogo, nao ni kazi ya kuhifadhi na kurejesha pikipiki kongwe za mbio. Kazi hiyo hufanywa zaidi Ulaya, Japani na Marekani, na humfikia mfasiri wetu kwa njia ya vitabu vya maelekezo, maelezo ya makumbusho, hati za mnada na karatasi za forodha. Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wenye vitu vya anasa. Huenda ni kweli. Lakini uwanja huu unafaa kwa uchunguzi kwa sababu ndani yake neno moja lililokosewa huweza kumtoza mtu fedha nyingi asizostahili kulipa, au kumfanya fundi akwangue rangi ambayo hakuna binadamu awezaye kuirudisha.

Tuanze na jina la chombo. Wako wanaoandika “pikipiki za michezo”. Tafsiri hiyo ni ya kamusi, si ya akili: msomaji wa Kiswahili atadhani ni pikipiki za kuchezea, au zinazowapeleka wachezaji uwanjani. Kinachozungumzwa ni pikipiki ya barabarani iliyoundwa kwa ajili ya wepesi, mwendo na kukata kona. “Pikipiki ya mbio” latosha, nalo “pikipiki ya mashindano” libaki kwa ile isiyoruhusiwa kutoka nje ya uwanja wake. Ama kuhusu umri, “kuukuu” huchukua dharau ya kitu kilichochoka, kama nguo kuukuu. “Kongwe” lina heshima. Waliouita Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua walichofanya.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Shirikisho la Kimataifa la Magari ya Kale, lijulikanalo kwa herufi FIVA na lililoanzishwa mwaka 1966, lilipitisha mwaka 2012 waraka uitwao Mkataba wa Turin. Waraka huo ulifuata nyayo za Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964 uliohusu majengo na makumbusho ya kale. Kwa FIVA chombo cha kale ni kile chenye umri usiopungua miaka 30, kilichotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na kisichotumiwa kwa safari za kila siku. Pikipiki za mbio za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo wengi wetu bado tunaziona kuwa za jana, zimekwisha kuvuka mpaka huo.

Wataalamu wanaoufuata Mkataba huo hutenga kazi nne. Ya kwanza ni kukiweka chombo kama kilivyo na kukikinga kisidhurike. Ya pili ni kufanya kazi juu yake ili uharibifu usiendelee, lakini bila kuibadilisha maada yake wala kuificha historia yake. Ya tatu ni kuvirudisha vilivyopotea ili chombo kionekane kama kilivyokuwa wakati fulani uliopita. Ya nne ni kukifanya kitembee tu, pasipo kujali kama kipuri kipya kinafanana na cha zamani. Kazi hizi hazifanani, na mara nyingine hupingana. Anayefanya ya tatu huenda akaangamiza kile ambacho anayefanya ya kwanza alikesha akikilinda. Nasi tumeziita zote “ukarabati”!

Napendekeza kwamba ya kwanza iwe “uhifadhi”, ya pili “udumishaji”, ya tatu “urejeshaji” na ya nne “utengenezaji”. Maneno yote manne yamo vinywani mwa watu tangu zamani. Hatukwenda kuyaokota mbali. Linalohitaji utetezi zaidi ni la tatu, maana wapo watakaosema kwamba “kurejesha” ni kurudisha kitabu maktaba au mkopo benki. Hiyo ndiyo nguvu yake. “Karabati” ni kitenzi kinachoshiba na mtendwa wake tu: fundi amekarabati pikipiki, basi, sentensi imekwisha. “Rejesha” hakishibi hivyo. Mtu akisema amerejesha pikipiki, msikilizaji humwuliza: ameirejesha wapi? Katika hali ya siku ilipotoka kiwandani? Katika hali ya mwaka iliposhinda mashindano, ikiwa na mikwaruzo yake na namba za mpanda pikipiki ubavuni? Swali hilo ndilo swali la kwanza ambalo mrejeshaji makini hujiuliza kabla ya kushika spana, nasi tuna bahati kwamba sarufi yetu humwuliza pia mfasiri. Hati isemayo “imerejeshwa” bila kutaja katika hali ya mwaka gani ni hati yenye pengo, na pengo hilo huonekana katika Kiswahili upesi.

“Kufufua”, lipendwalo na waandishi wa magazeti, lina mvuto lakini halina mpaka. Injini iliyokaa miaka ishirini ikaunguruma imefufuka, hata kama imefungwa mabomba ya pikipiki nyingine. Tuwaachie magazeti. “Ovaholi” la mafundi wetu, kinyume chake, ni istilahi kamili: ni kuifungua injini yote, kuipima, kubadilisha vilivyolika na kuifunga tena. Wasomi hulikwepa kwa sababu linanuka grisi. Hawana la kuliweka mahali pake.

Utata wa pili uko katika maneno “asili”, “asilia” na “halisi”, ambayo hutumika kana kwamba ni pacha. Tuchukue Honda VFR750R, maarufu kwa jina la RC30, iliyotolewa mwaka 1987. Ilikuwa na injini ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 748 na konrodi za titani, nayo iliuzwa kwa watu ili ndugu yake wa mashindano akubaliwe kushindana miongoni mwa pikipiki zenye asili ya barabarani. Fred Merkel aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 1988 na 1989. Vipuri vyake viliadimika kwa muda mrefu, kisha mwaka 2020 Honda ikaanza kuvitengeneza baadhi upya kwa ajili ya wenye pikipiki hizo. Kawasaki ilikuwa imetangaza jambo la namna hiyo mwaka 2019, kwamba itazisubu tena silinda hedi za Z1, pikipiki ya mwaka 1972 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 903.

Je, silinda hedi hiyo mpya tuiiteje? Fundi wa gereji ataiita “orijino”, maana imetoka kwa mwenyewe na si feki. Mwenye makumbusho atakataa, maana haikuwapo mwaka 1972. Wote wawili wana haki, ila neno moja haliwezi kuwatumikia wote. Basi kipuri hicho ni “halisi”, yaani kimetoka kwa mtengenezaji wa kweli, lakini si “asilia”, yaani hakikuwamo katika pikipiki tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, injini ya Z1 ya mwaka uleule iliyong’olewa katika pikipiki iliyovunjika ikafungwa katika nyingine ni halisi, ni ya zama zake, na bado si asilia kwa pikipiki iliyoipokea. Mnunuzi anayeambiwa tu kwamba injini ni “ya asili” hajaambiwa kitu.

Hapa huingia suala la namba. Hati za mnada husifu pikipiki ambayo injini na fremu yake zilitoka pamoja kiwandani, na tafsiri ya upesi ni “namba zinazofanana”. Kwa Triumph za Uingereza za miaka ya 1960 na 1970 tafsiri hiyo inakubalika, kwa kuwa namba ileile ilipigwa kwenye injini na kwenye fremu. Kwa Honda CB750 inapotosha. Huko fremu ilikuwa na mfululizo wake na injini mfululizo wake, hivi kwamba pikipiki isiyochezewa hata mara moja ina namba mbili tofauti. Mtumishi wa forodha aliyesoma “namba zinazofanana” ataishuku pikipiki safi, na pengine ataipitisha ile ambayo mjanja amezichonga namba zake zikafanana! Tuseme “injini ya kuzaliwa nayo”. Namna hiyo ya kusema ni ya mtaani kidogo, nakubali, lakini haisemi uwongo.

Ujanja huo si wa kufikirika. Ducati 750 Super Sport ya mwaka 1974, yenye fremu ya kijani, ilizaliwa kutokana na ushindi wa Paul Smart katika mbio za Imola mwaka 1972, nayo iliundwa kwa idadi inayozidi 400 kidogo tu. Uchache huo umewashawishi watu kuchukua Ducati za kawaida za zama hizo na kuzivisha sura yake. Ikiwa mwenye nayo asema wazi, chombo hicho ni “nakala”. Asiposema ni “bandia”. Tofauti kati ya maneno hayo mawili haiko katika chuma bali katika ulimi wa muuzaji, na mfasiri asiyeijua humsaidia mwongo bila malipo.

Yafaa pia tukumbuke kwamba wenye lugha ya asili nao hukosea. CB750 za mwanzo kabisa, za mwaka 1969, hujulikana miongoni mwa wapenzi wake kwa jina lenye maana ya “zilizosubiwa mchangani”, kwa sababu nyuso za masanduku yao ya injini zina ukwaruzi. Ukweli ni kwamba zilisubiwa katika kalibu za chuma za kudumu, madini yakimiminwa bila kusukumwa kwa shinikizo. Honda haikuwa na hakika ya soko, ikaahirisha gharama ya mitambo mikubwa zaidi. Tutafsiri kosa hilo pamoja na jina? Nionavyo, la hasha. Tunayo “subu” na “kalibu”, maneno ya wafua vyuma wetu, na hatulazimiki kurithi makosa ya watu. Andika “CB750 za subu ya kwanza”, kisha eleza jina la mtaani mara moja.

Katika mlango wa ukingaji, ufasaha wa neno huwa ni usalama wa chombo. Kitabu kinaposema rangi asilia “isafishwe”, mfasiri asiandike “ikwanguliwe”. Kinapoonya kuhusu kusafisha injini kwa mchanga unaopulizwa, aeleze sababu: chembe zikijificha katika njia za oili husaga beringi siku injini inapowashwa. Kinapotaja rangi ya unga inayookwa, aseme kwamba huwa nene kiasi cha kuzifunika namba zilizopigwa kwenye fremu. Petroli iliyoachwa katika kabureta hukauka na kuacha utomvu unaoziba vitundu vyake. Petroli yenye ethanoli hulainisha na kuvimbisha matangi ya faibaglasi, kama lile la Ducati tuliyoitaja, hata rangi ikafura juu yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo hubadilishwa hata kama pikipiki haikutoka bandani. Tairi nazo huzeeka zikiwa zimesimama. Zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni, 2318 ikiwa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2018. Haya yote ni “kukinga”. Mtu akiyaita “matengenezo”, mwenye pikipiki atangoja kitu kiharibike kwanza.

Limebaki jambo la moto. Mwezi Septemba 2003 Jumba la Taifa la Makumbusho ya Pikipiki karibu na Birmingham, Uingereza, liliungua, na pikipiki zipatazo 380 ziliteketea au kuharibika vibaya. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 2004, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kusimamishwa tena. Pale ambapo kilichosalia ni masanduku ya injini yaliyoyeyuka nusu na fremu iliyopinda, “urejeshaji” ni neno la ukarimu mno. Hapo “uundaji upya” ndilo neno la haki, na haliwavunjii heshima mafundi walioifanya kazi hiyo.

Sijapata neno la kuridhisha kwa ile hali ya juu ya chombo inayoletwa na miaka: rangi iliyopauka kwa jua, kromu iliyofifia, ngozi ya kiti iliyoshika umbo la mpandaji. Wahifadhi huithamini kuliko rangi mpya. “Kutu” ni ugonjwa, na “uchakavu” ni lawama. “Nakshi ya umri” limewahi kupendekezwa mezani petu, lakini linanukia utenzi kuliko karakana. Msomaji mwenye neno linalotumiwa na maseremala, wafua shaba au mabaharia kwa hali hiyo na aliandike, ataje na mahali alipolisikia, atuletee.