Vivuli vya Grafu

Domeni ya fanksheni ni namba zote ambazo x inaweza kuzishika. Renji ni namba zote ambazo y hutoa kama majibu. Grafu huonyesha zote mbili kwa anayejua kutazama vivuli. Jua likiwa utosini, kivuli cha mchoro huanguka kwenye mhimili wa x, na hiyo ndiyo domeni. Jua likiwa linatua, kivuli hulala kwenye mhimili wa y, na hiyo ndiyo renji. Palipo na pengo kivulini, namba haimo: grafu ya y = 1/x huiacha sifuri katika mihimili yote miwili.

Uhodari hasa huonekana kwenye renji. Tuseme y = x² − 4x + 1 imechorwa kuanzia x = 0 hadi x = 5. Mwenye haraka hutazama ncha mbili tu, ambako y ni 1 na 6, akaandika kwamba renji ni 1 hadi 6. Amekosea, kwa sababu mstari huo huteremka kwanza hadi bondeni, penye x = 2 na y = −3, ndipo upande. Renji ni −3 hadi 6.

Sasa nukta ya x = 4 ikitobolewa, yaani ikichorwa kiduara kitupu, domeni inaipoteza 4. Je, renji nayo inaipoteza 1, jibu la nukta hiyo? Hapana. Jibu hilo hilo lilikwishapatikana x ilipokuwa 0. Hapa ndipo uzuri wa kazi hii ulipo: jicho halitosheki na tundu, hupita kwenye kimo kile kile kulitafuta jibu kwingine. Kiduara kitupu kikiwekwa penye x = 5, hali ni nyingine, kwani 6 haipatikani popote pengine.

Mshale kwenye ncha, badala ya kiduara, huonyesha kwamba mstari unaendelea hata karatasi ikiisha, kwa hiyo kivuli nacho hakikomi hapo.

Pwani ya Afrika Mashariki, grafu ya kina cha maji kwa siku moja husomwa vivyo hivyo. Domeni ni saa 0 hadi saa 24, na renji ni kuanzia maji kupwa hadi maji kujaa. Kutoka maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kwenda bamvua, yanapojaa na kupwa sana, domeni haibadiliki. Renji ndiyo inayotanuka.