Jadotville na Hoteli Yake: Nani Husimulia Historia ya Likasi?

Filamu ya The Siege of Jadotville, iliyoongozwa na Richie Smyth na kutolewa mwaka 2016, imeutangaza mji wa Likasi ulimwenguni kwa jina lililoachwa tangu mwaka 1966. Msingi wake ni kitabu cha Declan Power cha mwaka 2005. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mnamo Septemba 1961, askari wapatao 150 wa Ayalandi waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa kwa siku tano na majeshi ya Katanga ya Moïse Tshombe. Walipoishiwa risasi na maji walijisalimisha, wakazuiliwa kwanza katika Hôtel de l'Europe mjini humo. Walifunguliwa mwezi Oktoba.

Lengo la masimulizi hayo ni la haki, kwani askari hao walikaa miaka mingi bila kupewa heshima waliyostahili. Hata hivyo, katika kuondoa kimya kimoja, masimulizi yameongeza kingine. Hoteli inaingia katika historia kwa kuwa Wazungu walifungwa humo. Nani aliyewapikia wafungwa hao, nani aliyefua mashuka kabla na baada yao, ni maswali yasiyoulizwa. Mwafrika anayesikika zaidi katika filamu ni Tshombe. Watu wa mjini ni kivuli tu.

Kimya hicho kina mizizi. Mji ulikuzwa na shaba ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na ukapewa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakuu wake. Karibu nao upo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa urani iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Makazi ya Wazungu na ya Waafrika yalitengwa. Kwa sehemu kubwa ya enzi hiyo, Mwafrika aliingia katika hoteli ya Wazungu kwa mlango wa kazi: kupika, kufua, kubeba mizigo. Kwa hiyo aliyeijua hoteli vyumba vyote ndiye asiyeandikwa popote.

Kwamba mtu huyo angeweza kuandika, ushahidi upo. Mwaka 1965 ilitokea Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji jirani iliyotungwa kwa Kiswahili na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha mwaka 1990 katika History from Below. Humo bwana anatazamwa na boi wake, wala si kinyume chake. Aliyesimama nyuma ya kiti wakati wa chakula ndiye anayepima tabia ya aliyeketi.

Hapana budi kukiri kasoro za maandishi hayo. Tarehe zake hazitegemeki daima, na sauti yake ni ya wanaume. Mke wa boi haonekani ila kwa mbali. Aidha, Kiswahili chake, chenye ba- mahali pa wa- na tahajia isiyofuata sheria, kimewafanya baadhi ya wasomaji wa Kiswahili sanifu wakione kuwa kibovu. Hukumu hiyo ndiyo inayodhuru zaidi. Lugha inayodharauliwa haitafutwi, na isiyotafutwa hupotea pamoja na yale inayoyajua.

Likasi haina Vocabulaire yake inayojulikana kama ile ya Yav. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1961 amekwisha kupita 80. Filamu yaweza kurudiwa wakati wowote kwa fedha za kutosha, lakini ushahidi wa mpishi haurudiwi. Wataalamu wa Kiswahili wanaosubiri mashahidi hao waseme kwa usanifu watakuta jiko limezimwa na wenyewe hawapo.