Ukoo, Maiti na Jukwaa: Ebrahim Hussein Akisomwa Kutoka Taita

Ebrahim Hussein hutajwa kwanza, na mara nyingi mwisho pia, kwa Kinjeketile (1969). Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanzania, alisoma Dar es Salaam na baadaye Berlin ya Mashariki, ambako tasnifu yake ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki. Mashetani ilitoka 1971, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi 1976, Arusi 1980. Kisha ikaja kazi ambayo wahakiki wameipita haraka mno: Kwenye Ukingo wa Thim (1988).

Chanzo chake chajulikana. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Hakuzikwa hadi Mei 1987. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya, na Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Hussein aliuchukua mgogoro huo wa mjane na jamaa za mumewe akaupeleka jukwaani, akautia jina la Kijaluo lenye maana ya pori.

Ni mazoea kuisoma tamthilia hii kama vita vya jadi na usasa. Usomaji huo hautoshi, na upungufu wake huonekana mapema zaidi kwa msomaji wa Voi au Wundanyi kuliko kwa yule wa Nairobi. Kwa Wataita wa zamani kaburi halikuwa mwisho wa safari ya maiti. Baada ya muda, kadiri ya mwaka mmoja, fuvu la mzee lilifukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo wake, pamoja na ya waliomtangulia, na hapo ndipo jamaa walipokwenda kutambika mambo yalipoharibika. Wamisionari, waliofika Sagalla mwaka 1883, waliipinga desturi hiyo, nayo ikafifia, mapango yangalipo. Mtu aliyekulia chini ya majabali hayo hahitaji kuelezwa kwa nini ukoo waweza kugombea mifupa pasipo kuwaza shamba wala nyumba.

Hapa ndipo kazi ya Hussein inapopungua. Jamaa wa marehemu wamepewa tamaa ya mali kwa wingi, lakini imani yao imepewa uzito mdogo. Jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa: upande mmoja mji, upande mwingine pori. Ajabu ni kwamba mwandishi ni yule yule. Katika Kinjeketile aliionyesha imani ya maji kuwa ya uongo mbele ya risasi, na wakati huo huo kuwa nguvu iliyowaunganisha watu waliotengana. Shujaa wake hakubali kuikana hata akiwa mikononi mwa Wajerumani. Mtazamaji hulazimika kuzibeba kweli zote mbili. Katika Thim hubebeshwa moja tu.

Yaweza kujibiwa kwamba mwandishi alikuwa na haki ya kukasirika. Mjane hana silaha, na sheria imesimama na wenye nguvu. Kuwapa jamaa hoja nzuri kungekuwa kumnyang'anya hata huruma ya ukumbini. Jibu hilo lina maana, tena haifai kuyapamba mapango: nayo yalikuwa ya ukoo wa upande wa baba. Lakini mjane anayeshindana na walafi ameonewa tu. Anayeshindana na watu wanaoamini kwa dhati kwamba wafu watawadai amefikwa na msiba mkubwa zaidi, na tamthilia ingekuwa na giza zaidi.

Msanii atakayeiigiza Voi atakuwa na uamuzi wa kufanya ambao matini haimfanyii: mzee wa ukoo atazame wapi anaposema juu ya maiti, kwenye nyumba ya marehemu au mlimani.